Akaunti ya zamani ikikataa kufunguka, anza na laini ya simu

Ukikaa nusu saa kwenye steshenari yoyote yenye intaneti mjini Arusha msimu wa maombi ya vyuo, utamsikia mtu akimwambia mhudumu: "Kaka, ile barua pepe yangu haifunguki. Nenosiri nimesahau, na namba niliyosajilia sina tena." Moshi nako ni hayo hayo. Ushauri unaanza kumiminika kutoka kila upande. Mmoja anasema Google walishafuta barua pepe zote za zamani. Mwingine anamjua kijana mwenye mtu wake ndani ya Facebook, anayerudisha akaunti kwa elfu thelathini. Wa tatu anasema fungua mpya yaishe. Mwenye shida anaondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja, na pengine kesho yake anaipeleka simu ya zamani kwa fundi ikaflashiwe, bila kujua kwamba hiyo simu ndiyo iliyokuwa tegemeo lake la mwisho.

Si jambo dogo kwa watu wa huku. Mwongoza watalii aliyeanza kupandisha wageni Kilimanjaro miaka ya 2000 ana anwani ya Yahoo ambayo wageni wake wa Ujerumani na Marekani bado wanayo kwenye madaftari yao. Kijana wa Sakina aliyemaliza kidato cha sita ameombea chuo, mkopo wa HESLB na baadaye kazi za Ajira Portal kwa barua pepe moja. Mama mwenye duka la batiki ana ukurasa wa Facebook wenye wateja wa miaka kumi. Akaunti ikifungwa, anayekosa ni mtu na riziki yake.

Tuanze na maneno yenyewe. Akaunti ni kumbukumbu yako ndani ya kompyuta za kampuni fulani: barua zako, picha zako, watu wako. Anwani au jina la mtumiaji huionyesha kampuni ni kumbukumbu ipi inayotakiwa. Nenosiri, ambalo wengi wetu tunaliita pasiwedi, ni uthibitisho kwamba anayeitaka anaruhusiwa. Kisha kuna njia za akiba, yaani namba ya simu na barua pepe ya pili ulizojaza siku unafungua akaunti. Siku ukikwama, kampuni hutuma huko namba za uthibitisho, zile tarakimu chache zinazoingia kwa ujumbe mfupi. Kurejesha akaunti, basi, ni kuifanya kampuni ikubali uthibitisho mwingine mahali pa nenosiri.

Watu wengi wanaamini kwamba Google au Facebook wanalijua nenosiri lako ila wanakunyima tu. Hawalijui. Ulipoliandika mara ya kwanza, kompyuta zao zililipitisha kwenye hesabu ya upande mmoja, ukatoka mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, na kilichohifadhiwa ni huo mfuatano. Kila unapoingia, hesabu ile ile hurudiwa na majibu hulinganishwa. Kutoka kwenye jibu kurudi kwenye nenosiri lenyewe hakuna njia nyepesi. Ndiyo maana kampuni makini hukupa nafasi ya kuweka nenosiri jipya, lakini haikusomei la zamani. Ukiona tovuti imekutumia nenosiri lako lile lile ulilosahau, jua kwamba inalihifadhi kizembe, na kama unalitumia kwingine, libadilishe leo.

Sasa kiini cha tatizo. Fikiria umeacha begi kwenye ofisi ya basi pale stendi ya Moshi bila stakabadhi, ukarudi baada ya miaka. Mhudumu wa siku ile ameshaondoka, na huyu wa sasa hakujui. Akikupa begi kwa sababu umeng'ang'ania au kwa sababu amekuonea huruma, kesho atampa mtu mwingine begi la kwako kwa sababu hiyo hiyo. Anachoweza kufanya ni kukuuliza: lina rangi gani, ndani mna nini, uliliacha mwezi gani, nani alikuwa zamu. Kampuni ya barua pepe ya bure iko katika hali hiyo, ila maswali yanaulizwa na mashine. Kadi yako ya NIDA ni halali na picha ni yako, lakini siku unafungua akaunti hukuandika namba ya NIDA popote, kwa hiyo kampuni haina cha kulinganisha nayo. Pengine hata jina ulilojaza ni lile la utani la shuleni.

Kampuni inakujua kwa nyayo ulizoacha tu: simu au kompyuta uliyozoea kuingilia, mji uliokuwa unaingilia, maneno ya siri uliyowahi kutumia, namba na barua pepe za akiba. Kila hatua ya kurejesha akaunti ni njia ya kumwonyesha yule mhudumu nyayo hizo.

Mnyororo una kiungo kimoja chenye alama ya kidole chako

Akaunti hazisimami peke yake, zimefungana. Facebook inategemea barua pepe. Barua pepe inategemea namba ya simu. Namba ya simu inategemea laini. Na laini, hapa Tanzania, ndiyo kiungo pekee katika mnyororo wote kilichofungwa kwenye mwili wako. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulianza 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Google hawana ofisi Arusha ya kwenda kuwekea kidole. Kampuni yako ya simu inayo.

Kwa hiyo anza chini, upande juu. Watu wengi huanza juu: wanahangaika na Facebook wiki nzima, kumbe Facebook inatuma namba za uthibitisho kwenye Gmail, na Gmail inazituma kwenye laini iliyopotea na simu iliyoibwa Kilombero. Ile laini ikirudi, huenda vyote viwili vikafunguka.

Piga *106# na ufuate maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo hata kama unadhani unazikumbuka zote. Wapo wanaokuta laini waliyoisahau, na wapo wanaokuta laini ambayo hawakuisajili kamwe, na hilo nalo ni la kushughulikia mara moja kwenye kampuni husika. Kama namba ya akiba ya akaunti yako bado ni yako, nenda duka la kampuni ya simu na namba yako ya NIDA, utaweka kidole na kupewa kadi mpya yenye namba ile ile. Kama iliibwa, jiandae kuulizwa taarifa ya upotevu kutoka polisi. Na kwa wanaouliza: Tigo kubadilika jina na kuwa Yas mwaka 2024 hakukubadilisha namba ya mtu.

Ugumu uko kwa namba ambayo si yako tena. Laini isipotumika kwa miezi, kampuni huifunga, na baadaye namba hiyo inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Laini nyingi za kabla ya 2020 ziliishia hivyo. Nyingine zilikuwa zimesajiliwa kwa jina la wakala, la shemeji au la mtu asiyejulikana. Ukipiga namba yako ya zamani akapokea mtu, umeongea na mwenye namba. Hatutendi haki tukimlazimisha atusomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yake, maana kila tangazo la usalama linamwambia asifanye hivyo, naye akikataa amefanya sawasawa. Hapo kiungo cha laini kimekatika, na itabidi utegemee nyayo nyingine.

Barua pepe iliyofunguliwa na mtu mwingine

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kwa mikoa yetu naamini huu ndio mzizi wa tatizo kuliko usahaulifu.

Mwanafunzi anakuja steshenari kuomba chuo. Hana barua pepe. Mhudumu ana foleni ya watu kumi, kwa hiyo anamfungulia chapuchapu. Google inaomba namba ya simu. Mhudumu anaweka ya kwake, kwa kuwa iko mkononi na ujumbe unaingia papo hapo. Tarehe ya kuzaliwa anabuni. Nenosiri anatunga yeye, jepesi, pengine hilo hilo analowapa wateja wote, na analiandika kwenye kaunta buku. Mwanafunzi anaondoka na karatasi ya maombi iliyochapishwa, moyo mweupe. Miaka miwili baadaye steshenari imehama, kaunta buku limeshafungia maandazi, na namba ya akiba ni ya kijana ambaye sasa yuko Dodoma. Kabla ya hapo ilikuwa intaneti kafe: waongoza watalii wengi wa rika la wazee wetu walifunguliwa Yahoo na Hotmail na wahudumu wa kafe, kwa utaratibu huo huo.

Kwa mtazamo wa mashine ya Google, mwenye akaunti hiyo ni mhudumu. Namba ni yake, kompyuta ni yake, tarehe ya kuzaliwa aliibuni yeye. Mwanafunzi hana unyayo hata mmoja ndani yake isipokuwa jina.

Kama barua pepe yako ilizaliwa hivyo, hatua ya kwanza ni kumtafuta aliyeifungua. Nenda ulipofunguliwa, uliza waliobaki, tafuta namba yake. Yeye akikubali kupokea namba za uthibitisho mkiwa pamoja, ukaziandika mwenyewe, ukaweka nenosiri jipya na kubadilisha namba ya akiba hapo hapo, kazi imekwisha. Na kama ni wewe unayefungulia watu barua pepe, tafadhali: weka namba ya mteja, au ya mzazi wake kama hana laini, mwache aandike nenosiri kwa kidole chake, na mwambie ni tarehe gani ya kuzaliwa imejazwa. Dakika tano zako zinaokoa miaka yake.

Google, Microsoft na Yahoo hawafanani

Tuondoe kwanza uvumi wa kufutwa. Mei 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na ufutaji haukuanza kabla ya Desemba 2023. Haikuwa kufuta kila akaunti ya zamani. Akaunti ya mwaka 2006 inayotumika iko salama. Ya mwaka 2019 iliyotelekezwa iko hatarini. Akaunti za shule na kazini hazikuguswa na sera hiyo, na Google ilisema haikuwa na mpango wa kufuta akaunti zenye video za YouTube. Kutumia, kwa maana yao, ni jambo dogo: kusoma barua, kutazama YouTube ukiwa umeingia, kutafuta kitu. Ikifutwa, imekwenda, wala anwani hiyo ya Gmail hapewi mtu mwingine.

Kama akaunti ipo, ukurasa wa kurejesha ni g.co/recover. Kabla ya kuufungua, kusanya nyayo. Ile simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka iliyoko kabatini, iwashe. Huenda bado imeingia kwenye akaunti, na ikiwa hivyo Google inaweza kutuma swali la uthibitisho kwenye hiyo simu yenyewe. Usiiflashi kabla ya kujaribu, maana kuflashi kunafuta kila kitu na kukuacha nje. Kompyuta uliyokuwa ukitumia nayo ifungue, uangalie kwenye mipangilio ya Chrome au Firefox sehemu ya manenosiri yaliyohifadhiwa; vivinjari huhifadhi kimyakimya, na mara nyingine jibu liko hapo.

Mahali nako kuna uzito. Google yenyewe inashauri ujaribu kwa kifaa, kivinjari na mahali ulipozoea kuingilia. Kama akaunti uliitumia ukiwa nyumbani Kibosho na sasa unaishi Dar es Salaam, jaribu tena ukienda nyumbani Krismasi, kwa kompyuta ile ile ya nyumbani. Inaonekana kama ushirikina, lakini ndivyo mashine inavyopima: maombi kutoka sehemu na kifaa kinachofahamika yana uzito kuliko maombi yale yale kutoka kifaa kigeni.

Ukishaanza, jibu kila swali. Ukiulizwa nenosiri la mwisho unalokumbuka, andika hata la zamani kabisa. Kukisia ni bora kuliko kuruka, na kubahatisha vibaya hakukuondoi kwenye mchakato. Njia ikikataa, bonyeza "Jaribu njia nyingine". Ila usirudie mara ishirini usiku mmoja, kwa sababu mashine itakufungia kwa muda. Wakati mwingine Google itakuambia usubiri saa kadhaa au siku kadhaa kabla ya kuendelea. Subiri. Muda huo umewekwa ili mwenye akaunti halisi, kama si wewe, apate taarifa na kuzuia.

Tarehe pia husaidia kumbukumbu. Gmail ilianza tarehe 1 Aprili 2004, na hadi mwanzoni mwa 2007 ilipatikana zaidi kwa mwaliko. Kama unakumbuka barua pepe yako ya kwanza ilikuwa ya mwaka 2003, basi ilikuwa Yahoo, Hotmail au nyingine, na unaweza kuwa unahangaika kwenye mlango usio wako.

Hotmail sasa iko chini ya akaunti za Microsoft, na hao wana fomu ya kurejesha inayomfaa mtu asiye na simu wala barua ya akiba. Inauliza anwani za watu uliowaandikia hivi karibuni, vichwa vya barua ulizotuma, maneno ya siri ya zamani. Unaruhusiwa kujaribu mara mbili kwa siku. Waombe ndugu na wateja wakufungulie barua zako zilizoko kwao, unakili vichwa kama vilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Lakini kama uliwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ule unaodai tarakimu za uthibitisho juu ya nenosiri, fomu hiyo haitakusaidia.

Yahoo ndiyo ngumu. Bila namba au barua ya akiba unayoifikia, kwa kawaida hakuna njia. Kisanduku cha barua kisichotumika kwa zaidi ya miezi 12 kinaweza kufutwa yaliyomo, na hayarudi. Tena mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kwamba majina yaliyotelekezwa yangeweza kupewa watu wapya. Mwaka huo huo ilidukuliwa, na mwaka 2017 ilikiri kwamba akaunti zote zilizokuwepo wakati ule, bilioni 3, ziliguswa. Kwa hiyo kama ulikuwa na Yahoo enzi hizo na nenosiri lile bado unalitumia mahali pengine, libadilishe hata kama Yahoo yenyewe umeshaikatia tamaa.

Facebook, Instagram na WhatsApp

Kwa Facebook, kwanza hakikisha unatafuta wasifu ulio sahihi. Mwombe rafiki afungue wasifu wako wa zamani akutumie kiungo chake. Ndani yake mna jina la mtumiaji au namba inayokutambulisha, na kwa hiyo unaweza kuitafuta akaunti hata kama hukumbuki barua pepe. Facebook itakuonyesha vipande vya anwani na namba inazozijua, na nyota kati yake. Soma vipande hivyo kwa makini. Mara nyingi ndipo mtu anapogundua kwamba akaunti imefungwa kwenye laini ambayo bado anayo.

Katika baadhi ya hali Facebook huomba picha ya kitambulisho. Hapo ndipo majina ya ujana yanapotuponza. Kama ulijiita Mangi Mtata na ukajaza kwamba umezaliwa 1985 ili uonekane mkubwa, kadi ya NIDA yenye jina la ubatizo na mwaka 1997 haitaoana na chochote. Instagram wana njia ya video ya uso, nayo hutumika kwa akaunti yenye picha zako wewe mwenyewe. Akaunti ya picha za twiga na machweo ya Tarangire haina uso wa kulinganisha.

WhatsApp ni nyepesi kueleza: akaunti ni namba. Rudisha laini, umerudisha akaunti. Kama uliweka PIN ndani ya WhatsApp yenyewe ukaisahau, na hukuweka barua pepe, utasubiri siku 7.

Wanaosema wana mtu ndani

Ukilalamika hadharani kwamba akaunti yako imepotea, baada ya muda mfupi utafuatwa na watu wanaojiita wataalamu wa kurudisha akaunti. Nataka ieleweke wanachoweza na wasichoweza. Hawawezi kulisoma nenosiri lako, kwa sababu hata kampuni hailijui. Hawana mlango wa siri. Wanachofanya ni kufungua ukurasa ule ule wa kurejesha ulio wazi kwa kila mtu bila malipo, kisha kukuambia: "Dada, kuna namba zitaingia kwenye simu yako, nisomee." Ukishasoma, akaunti ni yao. Wengine hawafiki hata hapo. Wanapokea ada ya kuanzia, wanadai ya pili, wanapotea.

Aliyebaki ni yule anayesema ataidukua akaunti kwa ajili yako. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na unayemtuma huwezi kujua ataingia wapi na kwa jina la nani. Ujumbe wa kitapeli unaoingia kwenye simu yako utume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Msaada wa kweli wa fundi upo, lakini ni wa aina nyingine: kuwasha simu iliyokufa bila kufuta vilivyomo, au kukupa kompyuta nzuri na utulivu wa kujaza fomu. Tarakimu andika mwenyewe.

Ikishindikana kabisa

Ipo siku jibu litakuwa hapana, na hakuna wa kumkatia rufaa. Inauma, hasa kama mle ndani kulikuwa na picha za marehemu au barua za watu wa muhimu. Lakini kilichopotea ni kumbukumbu moja, na mengi yaliyoitegemea yana milango mingine.

Kuna taasisi zinazokujua kwa jina, kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, kwa saini na sura: chuo, bodi ya mikopo, benki, mwajiri. Hao kadi ya NIDA na cheti vina maana kwao. Orodhesha kila mahali ulipotumia ile barua pepe, anza na zinazogusa fedha na masomo, uende au uwasiliane na dawati lao la msaada ukiomba wabadilishe anwani. Usisubiri Google ikukubalie ndipo uanze. Fanya yote mawili kwa pamoja, kwa sababu tarehe za mwisho za maombi hazikungojei.

Mwenye kampuni ya utalii Arusha ambaye biashara yake iko kwenye ramani ya Google na maoni ya wageni, lakini barua pepe iliyoisajili imekufa, asiogope kwamba maoni yamekufa nayo. Akiwa na akaunti mpya anaweza kuomba umiliki wa wasifu ule wa biashara. Aliyesajiliwa hupewa siku 3 za kujibu, na akikaa kimya, Google inaweza kuruhusu mwombaji athibitishe biashara upya. Kwa safari ijayo, barua pepe yenye jina la kampuni kwenye .co.tz ina msajili hapa nchini ambaye unaweza kumfikia ukiwa na vyeti vya BRELA, na hilo peke yake linatosha kuilipia.

Ukifungua akaunti mpya, weka namba yako iliyosajiliwa kwa kidole chako, barua ya akiba ya mtu wa nyumbani unayemwamini, na tarehe ya kweli ya kuzaliwa. Google hutoa pia namba 10 za uthibitisho za kuweka akiba, kila moja ya kutumika mara moja mahali pa zile zinazoingia kwa simu. Zichapishe uziweke kwenye bahasha ile yenye vyeti vya kuzaliwa. Oktoba 2025 ilitangaza pia utaratibu wa kuteua ndugu au marafiki wa kukusaidia kuthibitisha ukikwama. Teua mtu anayepokea simu.

Halafu waandikie wale wa zamani: wateja, wafadhili, walimu, ndugu walioko nje. Waambie anwani ya zamani haisomwi tena, wasitume huko nyaraka wala fedha, na wakipata ujumbe kutoka kwayo wakupigie kwanza. Kwa aliyekuwa na Yahoo ni muhimu zaidi, maana jina lile linaweza siku moja kuwa la mtu asiyekujua.